Mashine ya Sinki ni Mdomo Tu, Tumbo ni la Jiji

Umeiona kwa filamu za Kimarekani. Msee anamaliza kula, anamwaga makombo yote ndani ya sinki, anafungua maji, anabonyeza swichi ukutani. Grrrrr. Sekunde chache, kila kitu kimeenda. Hakuna pipa, hakuna harufu, hakuna nzi. Na ikiwa ni filamu ya kutisha, unajua tu kuna mkono wa mtu utaingia humo kabla stori iishe.

Siku hizi hata hapa Nairobi, ukiwa na doo, unaweza kununua hiyo mashine na fundi akuwekee chini ya sinki yako. Watu wanaiongelea kama alama ya keja safi, kitu cha mtu aliyetoka mbali akafika. Mimi sina shida na mashine yenyewe. Shida yangu ni vile tunaiongelea kana kwamba chakula kinapotea. Hakipotei. Kinahama. Na ukifuata historia ya hii mashine, karibu miaka 100 sasa, utaona ni stori ya swali moja tu: mabaki yakitoka jikoni kwako, yanakuwa kazi ya nani?

Kitambo ilikuwa kazi ya nguruwe

Kabla ya swichi, kazi hiyo ilifanywa na nguruwe. Simaanishi kwa mafumbo, namaanisha nguruwe kabisa, wa miguu minne.

Charles Dickens, yule mwandishi Mwingereza, alipotembelea New York mwaka 1842 alikuta nguruwe wakizurura Broadway, barabara ya fahari ya jiji, bila mchungaji. Hao ndio walikuwa idara ya usafi. Watu walitupa maganda na mifupa nje, nguruwe wakala, halafu familia maskini zikala nguruwe. Hakuna kilichoharibika.

Lakini matajiri walipoanza kujenga karibu, hawakutaka hiyo harufu. Mwaka 1859 polisi waliingia mitaani, wakabomoa mazizi na kufukuza maelfu ya nguruwe. Wengi wa wenye nguruwe walikuwa wahamiaji maskini. Kama umewahi kuona askari wa kaunti wakikimbizana na wachuuzi, hii stori unaijua hata kabla ya kuimaliza.

Nguruwe wakaenda, mabaki yakabaki. Mwaka 1895 jiji lilimpa kazi ya usafi mhandisi mmoja, George Waring. Jamaa aliwavisha wafagiaji wake nguo nyeupe, na mwaka 1896 akaleta amri ambayo ukiisikia utadhani ni ya juzi: kila nyumba itenganishe taka zake. Majivu kando, mabaki ya chakula kando, taka zingine kando.

Mabaki ya chakula yalipelekwa kwenye kisiwa kinachoitwa Barren Island, upande wa Brooklyn. Huko yalichemshwa, mafuta yakakamuliwa na kuuzwa kutengeneza sabuni, kilichobaki kikawa mbolea. Mizoga ya farasi wa jiji ilipelekwa hukohuko. Walioishi na kufanya kazi kwenye kile kisiwa, ndani ya harufu ile, walikuwa wahamiaji na familia za watu weusi. Yaani jiji lilipata sabuni, watu wa Barren Island wakapata uvundo. Shika hiyo picha, tutaihitaji tukirudi nyumbani.

Racine, 1927

Miaka thelathini baadaye, kwenye mji wa Racine, jimbo la Wisconsin, msanifu majengo aliyeitwa John W. Hammes alipata wazo. Stori inayosimuliwa ni kwamba alimwona mke wake akifunga makombo kwa gazeti ili ayatupe, akaona kuna njia rahisi zaidi. Mwaka 1927 akaunda mashine ya kusaga mabaki hapohapo chini ya sinki. Hataza aliipata mwaka 1935, na kabla muongo huo uishe alikuwa na kampuni, InSinkErator. General Electric nao waliingia sokoni na mashine yao mwaka huohuo wa 1935.

Ebu tuelewane inavyofanya kazi, kwa sababu wengi wanadhani kuna visu ndani. Hakuna visu. Kuna sahani ya chuma inayozungushwa na mota, kwa mashine nyingi za Marekani zaidi ya mara 1,700 kwa dakika. Juu ya sahani kuna vipande viwili vya chuma vinavyochezacheza. Chakula kikiangukia hapo kinarushwa kwa nguvu hadi ukingoni, ambako kuna pete yenye meno kama ya kikwaruzo cha nazi. Kinasuguliwa hadi kiwe uji mwembamba, maji yanakisukuma, kinateremka kwa bomba. Ndio maana lazima maji yawe yanatiririka wakati wote inaposaga, na sekunde kadhaa baada ya kuizima. Bila maji, mashine inasaga tu, haisafirishi.

Umeona hapo? Kuna vitu vitatu ambavyo Hammes hakuviunda lakini mashine yake haiwezi kuishi bila hivyo: stima, maji yasiyokatika, na bomba la majitaka linaloenda mahali. Hivyo vilikuwa vimeshajengwa na miji, kwa kodi ya watu. Mashine ilikuja kukalia mgongo wa kazi ya umma.

Na miji yenyewe iligundua haraka. Miaka ya 1930 na 1940, miji mingi ya Marekani ilikuwa na sheria za kukataza mabaki ya chakula kuingia kwenye majitaka. Waliogopa mabomba kuziba na mitambo ya kusafisha majitaka kulemewa. Kwa hivyo kazi kubwa ya kampuni haikuwa tu kuuza mashine kwa akina mama. Ilikuwa kuzungumza na miji, mmoja baada ya mwingine, hadi sheria zikaondolewa. Matangazo yalikuonyesha jikoni inayong'aa. Vita vyenyewe vilikuwa kwa ofisi za jiji, na kwa mabomba ambayo hakuna mtu hupiga picha.

Nguruwe wanarudi kwa stori

Mji ulioenda mbali zaidi ni mdogo, unaitwa Jasper, jimbo la Indiana. Mwaka 1950 uliamua kuacha kuzoa mabaki ya chakula mlango kwa mlango, badala yake nyumba zifungwe mashine za sinki kwa mpango wa mji wenyewe. Mamia ya mashine zikaingia jikoni kwa mpigo.

Kwa nini? Nguruwe tena. Kama miji mingi midogo, mabaki ya Jasper yalikuwa yanaishia kwa wafugaji wa nguruwe, na mabaki mabichi yana nyama mbichi ndani yake, na nyama mbichi husafirisha magonjwa. Miaka miwili baadaye, 1952, Marekani nzima ilijifunza hilo somo kwa uchungu: ugonjwa wa malengelenge ya nguruwe uliokuwa California ulisambaa nchini kupitia mabaki ya chakula cha treni, yaliyoshushwa Wyoming wakapewa nguruwe. Baada ya hapo majimbo yakaanza kupitisha sheria kwamba mabaki lazima yachemshwe kabla ya kulishwa mnyama.

Na hapa Kenya tuko ndani ya hii stori, tena kwa jina. Homa ya nguruwe ya Afrika, ule ugonjwa unaoua karibu kila nguruwe unayemgusa na ambao hauna tiba, ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1921 na daktari wa mifugo, Eustace Montgomery, kutokana na milipuko aliyoiona hapahapa Kenya. Mwaka 1957 ukafika Ulaya, karibu na Lisbon. Uliingia vipi? Nguruwe walilishwa mabaki ya chakula cha ndege zilizotoka Afrika. Sahani ya abiria mmoja, zizi la mkulima mwingine.

Kwa hivyo usiniambie mabaki ya chakula ni kitu kidogo. Ni barabara. Swali ni unaielekeza wapi.

New York yasema hapana

Jasper ilisherehekea, lakini New York ilikuja kukaza. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya jiji ilipigwa marufuku kuweka hizi mashine nyumbani. Sababu haikuwa ushamba. Mabomba mengi ya New York ni ya zamani na yanabeba majitaka na maji ya mvua kwa pamoja. Mvua kubwa ikinyesha, mtambo hauwezi kupokea yote, kwa hivyo mchanganyiko unamwagika mtoni na baharini bila kusafishwa. Sasa fikiria ukiongeza juu yake uji wa chakula wa mamilioni ya watu.

Mwishowe walipima badala ya kubishana. Waliweka mashine kwenye majengo kadhaa kwa majaribio, wakafuatilia kwa miezi 21, wakaona madhara ni madogo kuliko walivyohofia. Mwaka 1997 marufuku ikaondolewa. Mji mwingine, Raleigh, North Carolina, ulikwenda kinyume: mwaka 2008 ulipiga marufuku mashine mpya kwa sababu ya mabomba kuziba, wakazi wakapiga kelele, na baada ya mwezi mmoja hivi marufuku ikafutwa.

Leo karibu nusu ya nyumba za Marekani zina hii mashine. Lakini sikiza mwisho wa stori ya New York, kwa sababu unachekesha. Oktoba 2024 jiji lilianza kulazimisha wakazi wote kuweka mabaki ya chakula kwenye pipa lake peke yake, ili yageuzwe mbolea na gesi. Yaani baada ya miaka 128 wamerudi kwa amri ya Waring ya 1896. Ile swichi ya ajabu ilipita katikati, na bado jiji likaja kukuuliza: makombo yako umeweka wapi?

Mahali ilipofaulu

Nisiwe kama mtu wa kukataa kila kitu. Kuna mji wa Sweden unaitwa Surahammar ambao hii mashine iliufaa kweli. Kuanzia 1997 wakazi walipewa chaguo: utenganishe mabaki yako yazolewe, uyageuze mbolea nyumbani, au uweke mashine ya sinki. Ikafika kama nusu ya nyumba zikachagua mashine. Mabomba hayakuziba kama watu walivyoogopa. Na gesi ikaongezeka.

Gesi gani? Hapo ndipo siri iko. Mtambo wa majitaka wa Surahammar una matangi yaliyofungwa ambamo bakteria wanakula tope bila hewa na kutoa gesi ya methani, na hiyo gesi inakusanywa na kutumika. Uji wa makombo kutoka sinki ukifika huko ni chakula cha bakteria. Mji ulipata nishati kutoka kwa maganda ya viazi.

Mashine ya Surahammar na ile ya Brooklyn zinafanya kazi moja. Tofauti ni kilicho upande wa pili wa bomba. Mashine ni mdomo tu. Kama kuna tumbo nyuma yake, chakula kinakuwa nguvu. Kama hakuna tumbo, umetafuna ukamtemea mwingine.

Sasa turudi nyumbani

Tumbo letu liko wapi? Hapa Nairobi kuna mawili. La kwanza ni la takataka, Dandora, ambalo lilifunguliwa mwaka 1975 na kutangazwa limejaa mwaka 2001. Saa hii bado malori yanaingia. Zaidi ya nusu ya taka za jiji ni vitu vinavyooza, maganda na makombo na mboga za sokoni, vinavyochanganywa na plastiki na vioo na betri hadi visiweze kuwa mbolea ya maana. Wanaookota hapo ni watu. Wanaokula hapo ni nguruwe na makorongo. Barren Island yetu hiyo, na sisi ndio tunaopata sabuni.

Tumbo la pili ni la majitaka. Mtambo mkubwa uko Ruai, ni mabwawa makubwa yaliyo wazi ambamo majitaka hukaa hadi yasafike. Mabwawa ni teknolojia nzuri kwa nchi yenye jua, lakini si kama yale matangi ya Sweden yanayokusanya gesi. Methani ikitoka kwenye bwawa wazi inaenda angani. Halafu kuna jambo kubwa zaidi: nyumba nyingi za Nairobi na viunga vyake hazijaunganishwa na huo mfumo kabisa. Ziko kwa tangi la shimoni, na kila likijaa inaitwa lori la kunyonya.

Ukiweka mashine ya kusaga juu ya tangi kama hilo, unachofanya ni kulijaza haraka zaidi. Pipa lako limekuwa safi, bili ya lori imeongezeka. Na kama mnaishi ploti ya nyumba ishirini na tangi moja, bili si yako peke yako.

Halafu maji. Chukulia bomba lako linatoa lita 6 kwa dakika, na kila unaposaga unaliacha wazi nusu dakika. Hizo ni lita 3. Saga asubuhi, mchana na jioni, ni lita 9, karibu nusu ya mtungi wa lita 20. Kwa mtu ambaye maji hayakatiki, si kitu. Kwa mtaa wa mgao, ambako mtungi unanunuliwa kwa mkokoteni, huo ni mtungi wa kuoga unaosukuma maganda.

Na chakula chetu chenyewe? Wanga kama ugali na wali ukiingia mwingi kwa mpigo unanata kama gundi. Mafuta ya kukaangia yanaganda kwenye kuta za bomba. Nyuzi za maganda ya mahindi na ndizi zinajizungusha kwenye sahani ya mota. Mbegu ya embe, usijaribu. Na kama binamu yako wa Marekani anataka kukutumia yake ya zamani, mwambie asijisumbue: ile imeundwa kwa volti 120, stima yetu ni 240.

Kwani tufanye nini?

Kenya tayari ina sheria. Ile ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Kwa karatasi, sisi tuko mahali New York ilifika 2024. Mtaani bado unaona nyumba imetenganisha vizuri, mifuko miwili, halafu lori moja linakuja linachanganya yote. Hapo ndipo kelele yetu inafaa kuwa, si kwa swichi ya sinki.

Kwa sababu sisi tuna kitu ambacho Racine ya 1927 haikuwa nacho kwa wingi hivi: watu wanaohitaji hayo mabaki. Kuna vijana wanaofuga viluwiluwi vya nzi weusi kwa maganda ya sokoni, wakauza chakula cha kuku na samaki. Kuna akina mama wa mboga za magunia wanaotafuta mbolea. Kuna wafugaji wa nguruwe wanaochukua makombo ya hoteli, na hao wanafaa kuambiwa stori ya 1957 hadi waichemshe kila siku bila kuruka. Hilo ndilo tumbo letu. Liko tayari, lina njaa, linachokosa ni mabaki yanayofika yakiwa safi.

Kwa hivyo kama unajenga au unahamia keja mpya na unaulizwa kama unataka mashine ya sinki, uliza kwanza haya: Majitaka ya hii nyumba yanaenda wapi? Maji yanakuja siku ngapi kwa wiki? Na nani analipa ikiziba? Ukipata majibu mazuri, weka, furahia, hujakosea. Kuna mtu mzee au mgonjwa asiyeweza kushuka ngazi tano na ndoo ya maganda, na kwake hiyo swichi ni msaada wa kweli.

Lakini kama majibu ni shimo, mgao na wewe, basi ndoo yenye kifuniko chini ya sinki inakushinda mashine. Ni ya shilingi mia chache, haitumii stima, na jioni unajua kabisa chakula chako kimeenda kwa nani.